Duara la Wapiganaji

Tumezoea kudhani kwamba maradhi hugunduliwa na madaktari. Historia ya msongo wa akili baada ya kiwewe haikwenda hivyo.

Mwaka 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliifuta fasili ya athari za mfadhaiko mkubwa iliyokuwamo tangu 1952. Askari aliyerudi kwao na jinamizi la vita alikosa hata jina la kinachomsumbua.

Mwishoni mwa 1970, jijini New York, wapiganaji wa zamani waliovipinga vita hivyo walianza kukutana na kusimuliana. Waliwaalika madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, lakini si kama mabwana wa kikao. Hapo ndipo penye kiini cha jambo, ingawa wenzetu wa tiba huenda wasipendezwe nikisema hivyo. Aliyeua, au aliyemshuhudia rafikiye akiuawa, hakulazimika kwanza kujitetea; aliyeketi ubavuni mwake naye alikuwako vitani.

Mwaka 1979 Bunge la Marekani liliidhinisha vituo vya ushauri vilivyowekwa mitaani, nje ya hospitali, ambamo baadhi ya washauri walikuwa wapiganaji wa zamani. Mwaka uliofuata ugonjwa ukapewa jina rasmi.

Duara lile la kwanza, hata hivyo, lilikuwa la wapiganaji. Wake na watoto, walioishi na ghadhabu na ukimya wao, walifunguliwa mlango katika vituo hivyo, kwa ushauri wa ndoa na wa familia.