Kusuuza kimea kwa mkupuo: njia mpya iliyo kongwe

Leo naweka misimbo kando kidogo tuzungumze kuhusu bia. Msikimbie, hesabu zipo.

Anayejifunza kupika bia nyumbani, hasa kule Marekani ambako jambo hili lina wapenzi wengi, huanza na kimea cha shayiri kilichosagwa. Hukiloweka kwa maji ya nyuzijoto 67 hivi kwa saa moja, wanga ukageuka sukari, kisha huyatoa yale maji matamu. Shida ni kwamba kila kilo ya machicha hubaki imenyonya takriban lita moja, na sukari imo ndani. (Busaa yetu haina shida hii, kwani huchujwa ikiwa imeshachacha.)

Sukari hiyo utaitoaje? Unaweza kunyunyiza maji ya moto juu, polepole, huku maji matamu yakitoka chini kwa kasi ile ile, muda wa saa nzima hivi. Au umwage maji yote kwa mkupuo, ukoroge, ufungue mfereji. Waandishi wa programu wataona ni suala la mkondo dhidi ya mafungu. Wapo wanaodhani hii ya pili ni njia ya mkato iliyobuniwa juzi na wavivu. Historia inasema vingine.

Kwa karne nyingi wapishi wa bia wa Uingereza hawakunyunyiza chochote. Walimwaga maji kwenye kimea, wakayatoa, wakamwaga mengine juu ya machicha yale yale, mara mbili hata tatu. Maji ya kwanza yalitoa bia kali, ya mwisho bia nyepesi ya kunywewa na watumishi na hata watoto. Kunyunyiza kulikuja na Waskoti mwishoni mwa karne ya 18, kukaenea Uingereza katika karne ya 19. Neno lenyewe, sparging, limetoka kwa Kilatini spargere, yaani kunyunyiza. Anayemwaga kwa mkupuo hanyunyizi kitu, ila jina limebaki. Sisi wa programu tunavijua vigeu vya namna hiyo.

Kwa nini kubadili? Mwaka 1784 John Richardson wa Hull alichapisha kitabu kuhusu kipima sukari, na mpishi akaweza kuona kwa tarakimu kiasi anachokitupa na machicha. Tena kimea kilitozwa kodi, nayo haikuondolewa hadi 1880. Hasara iliyopimwa na kulipiwa kodi huuma mara mbili.

Sasa tupige hesabu. Chukua kilo 5 za kimea na lita 18 za maji. Lita 5 zinanyonywa, 13 zinatoka, kwa hiyo asilimia 28 ya sukari imebaki. Mwaga lita 13 nyingine, koroga vizuri, toa 13. Inabaki asilimia 28 ya ile 28, yaani karibu 8. Umepata 92! Hasara yako ni sawa na gramu 400 za kimea, na hata ukinyunyiza kwa ustadi hutaziokoa zote. Lakini kiwanda kinachotumia tani 10 kwa pishi moja kingepoteza kilo 800 kila mara. Kwake, saa moja ya kunyunyiza inalipa. Kwako wewe mwenye sufuria moja jikoni, sidhani.

Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Carter alitia saini sheria ya kuruhusu Oktoba 1978. Wapishi wapya waliiga viwanda, pamoja na mitambo midogo ya kunyunyizia. Ni miaka ya 1990 na 2000 ndipo njia ya mkupuo ilipoenea tena kupitia mtandao, kwa sanduku la plastiki la kubebea vinywaji baridi na wavu wa chuma uliovuliwa kutoka mpira wa bomba.

Ina faida nyingine. Kwenye kunyunyiza, maji hujichimbia vijia na kuruka sehemu za kimea, na yale ya mwisho huwa mepesi mno kiasi cha kuvuta ukakasi wa maganda. Ukikoroga, vijia havipo. Ila lita mbili za kwanza hutoka na chenga. Zirudishe juu taratibu hadi maji yatoke safi, ndipo ufungue mfereji wote.