Mzunguko Mmoja wa Alan Kulwicki

Jumapili ya tarehe 15 Novemba 1992, madereva sita waliwasha injini katika uwanja wa Atlanta, jimbo la Georgia, kila mmoja akijua kwamba jioni ile angeweza kuvikwa ubingwa. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari ya stoki nchini Marekani. Kwa sura, gari la stoki halitofautiani sana na lile linalouzwa dukani. Ukifunua boneti ndipo unapokutana na mnyama mwingine. Kwenye uwanja wa mviringo kama huo, magari yapatayo arobaini huzunguka kwa saa kadhaa yakipinda kushoto tu, bampa kwa bampa.

Siku hiyo peke yake ingetosha kuandikiwa kitabu. Richard Petty, mfalme wa mchezo huo, aliyeanza mwaka 1958 na kushinda mara 200, alikuwa akiaga. Gari lake liligonga, likashika moto. Mafundi wakahangaika nalo hadi akarudi uwanjani kumaliza mizunguko ya mwisho mbele ya watu wake. Na kijana wa miaka 21, Jeff Gordon, ambaye baadaye angekuwa bingwa mara nne, alikuwa akishiriki ligi hiyo kwa mara ya kwanza.

Lakini ubingwa ulionekana kuwa wa Davey Allison. Mwaka ule ulimpa na kumnyang'anya. Februari alishinda mbio za Daytona 500. Julai, huko Pocono, gari lake lilibiringika vibaya akavunjika mkono. Agosti mdogo wake, Clifford, alifariki akiwa mazoezini Michigan. Hata hivyo Davey alifika Georgia akiongoza kwa pointi 30. Alichohitaji ni kumaliza miongoni mwa wa mbele tu. Zikiwa zimebaki chini ya robo ya mbio, gari la dereva mwingine, Ernie Irvan, likapoteza mwelekeo mbele yake, wakagongana, na tumaini la mwaka mzima likaishia hapo. Kila nikiusoma msimu huu, hapo ndipo moyo unaponiuma.

Wakabaki wawili: Bill Elliott, aliyeendesha gari la tajiri Junior Johnson, na Alan Kulwicki, aliyeendesha gari lake mwenyewe.

Kulwicki alikuwa mtu wa Wisconsin, kaskazini, katika mchezo wenye mizizi Kusini. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo. Johnson huyohuyo aliwahi kumtaka amwendeshee gari. Akakataa, akaendelea na timu yake ndogo. Septemba, baada ya ajali huko Dover, alikuwa nyuma kwa pointi 278, na mashindano sita tu yamebaki. Wengi walimfuta. Yeye akaendelea kuokota pointi, moja moja. Gari lake lilikuwa Ford Thunderbird, na kwa ajili ya siku ya mwisho aliomba ruhusa ya kuondoa herufi mbili za mwanzo za jina hilo kwenye pua ya gari, lisomeke Underbird: ndege wa mnyonge.

Mbio zikiendelea, gia ya kwanza ikavunjika. Kila alipoingia kubadili tairi, kuondoka kulikuwa kazi. Kwa hiyo fundi wake mkuu, Paul Andrews, akageukia hesabu. Mshindi alipata pointi 175, wa pili 170. Kuongoza japo mzunguko mmoja kuliongeza pointi 5, na aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote alipewa 5 nyingine. Kulwicki akabaki mbele hadi wahesabu wake walipohakikisha kwamba Elliott hawezi tena kumfikia kwa idadi ya mizunguko ya kuongoza, ndipo akaingia kuongeza mafuta, tena kidogo tu, ili asipoteze muda.

Elliott alishinda. Kulwicki akawa wa pili. Elliott aliongoza mizunguko 102, Kulwicki 103, na wote wawili wakaondoka na pointi 180. Zile pointi 10 alizokuwa nazo Kulwicki mbele ya Elliott asubuhi zikabaki vilevile jioni: 4,078 kwa 4,068. Mzunguko mmoja ungehamia upande wa pili, wangelingana, na Elliott angetwaa kombe kwa kuwa alishinda mashindano 5 dhidi ya 2.

Bingwa akageuza gari, akauzunguka uwanja kinyume cha mwelekeo wa mbio, ili dirisha lake liwaelekee watazamaji awapungie mkono. Aliubuni ushangiliaji huo mwaka 1988 baada ya ushindi wake wa kwanza, nao ukaitwa mzunguko wa Kipoland, kwa asili ya ukoo wake.

Tarehe 1 Aprili 1993 ndege aliyopanda kwenda kwenye mbio za Bristol ilianguka Tennessee, akafariki. Julai mwaka huohuo Davey Allison naye akafa kwa ajali ya helikopta. Lakini kule Bristol, siku zile za Aprili, lori lililobeba gari la Kulwicki liliuzunguka uwanja polepole, mvua ikinyesha, kisha likatoka langoni kuelekea nyumbani. Jumapili ya wiki hiyo dereva Rusty Wallace alishinda mbio. Alipopita mstari, akageuza gari na kuanza kuzunguka upande ule wa Alan.