Kuta za Kilwa zinatuhusu hata sisi wa Nachingwea

Ndugu msomaji, kuna kauli naisikia sana hapa Nambambo kila ninapotaja magofu ya Kilwa. Watu wananijibu: "Hayo ni mambo ya Waarabu wa pwani, sisi Wamwera na Wamakua yanatuhusu nini?" Mtu anaweza kuwa amesoma mpaka chuo kikuu na bado akakujibu hivyo. Mkoa wetu ni huu huu mmoja wa Lindi, lakini kwa wengi wetu Kilwa ni Nangurukuru tu, pale basi la Dar linaposimama watu wachimbe dawa, wanunue chochote cha kutafuna, safari iendelee.

Mimi kauli hiyo siikubali, na leo nataka nieleze kwa nini. Nilipopata mapumziko kazini nilifunga begi, daftari na kamera, nikaenda kutembea siku nne. Niliyoyaona nayachanganya na niliyoyasoma, kwa sababu magofu bila historia ni mawe tu.

Njia kwanza, kwa atakayetaka kwenda. Kutoka Nachingwea unashuka hadi Nanganga, unapita Nyangao, Mtama na Mingoyo hadi Lindi mjini. Hapo unaelekea kaskazini mpaka Nangurukuru, halafu unakata kulia kwenda Kilwa Masoko. Lala Masoko. Asubuhi unalipia kibali (siku hizi magofu yako chini ya TAWA, wale wa wanyamapori), unapewa mwongozaji, unashuka bandarini kutafuta chombo. Kisiwani ni karibu, unakiona ng'ambo. Songo Mnara ni mbali zaidi, uiwekee siku yake peke yake na umuulize nahodha habari za maji kujaa na kupwa, vinginevyo utavua viatu na kukunja suruali upite kwenye tope la mikoko.

Sasa tuingie kwenye historia.

Kuna maandishi ya kale ya Kiarabu yanayosimulia watawala wa Kilwa. Nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk, na hadi leo iko London. Yanasema kwamba Ali bin Hassan alikuja na jahazi kutoka Shirazi akakuta kisiwa kina mwenyewe, mtu wa bara. Wakapatana bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenyeji akachukua nguo zake akahamia bara. Wakati ule maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali akaona hatari, akachimbua mkondo ili yule mwenyeji akibadili mawazo asiweze kurudi.

Ni hadithi, siyo hati ya kiwanja! Lakini isikilize vizuri. Hadithi iliyotungwa kumtukuza mgeni inakiri yenyewe kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe. Inakiri hata kwamba wageni walimkuta Mwislamu na msikiti tayari. Na ukuta wa kwanza wa Kilwa, kwa mujibu wa hadithi hiyo, haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa maji, na ulijengwa kumzuia mtu wa bara.

Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wana yao. Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta watu wakiishi pale karne nyingi kabla ya nyumba za mawe. Mwaka 2023 wataalamu walitoa utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya pwani, yakiwemo ya Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Waligundua kwamba wengi wa watu wale walikuwa na damu ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, iliyochanganyika na damu ya Asia, sehemu kubwa Uajemi, hasa kwa upande wa baba. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo anayesema ni ya Waarabu na anayesema wageni hawakuwepo kabisa, wote wawili wamekosea.

Ukifika Kisiwani kitu cha kwanza kukuona ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji. Wareno walijenga hapo mwaka 1505, Waomani wakaja kuijenga upya baadaye. Wataalamu wa lugha wanasema neno gereza lenyewe linatokana na neno la Kireno la kanisa. Fikiria mwenyewe safari ya neno hilo.

Mbele yake kuna Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12, na ile kubwa ya kuba na matao iliongezwa karne ya 14 na kukarabatiwa karne ya 15. Mwongozaji alinionyesha jinsi walivyojenga: matumbawe kwa mawe, matumbawe yaliyochomwa kwa chokaa, boriti za mikoko kwa dari. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba; boriti ya mkoko haiwi ndefu, nawe huwezi kujenga chumba kipana kuliko boriti yako. Kwenye mihirabu walitumia matumbawe laini, yanayochongwa yakiwa bado mabichi kutoka baharini.

Kisha unatembea kwa miguu hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani Hassan bin Sulaiman, juu ya genge linalotazama bahari. Vyumba zaidi ya 100, bwawa la kuogelea la pembe nane, na inaonekana halikumalizika kujengwa. Pesa ilitoka wapi? Jibu la shuleni ni dhahabu ya Sofala, na ni kweli. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikashuka Sofala, Kilwa ikakamata njia yake. Sarafu ya Sultani huyu huyu imepatikana Great Zimbabwe.

Lakini kuna jibu la pili ambalo shuleni hawakunipa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sana huyu Sultani, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, Sultani akavua akampa. Mtoto wa Sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa watumwa kumi. Sultani kusikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine na pembe za ndovu. Na Ibn Battuta huyo huyo anaandika, bila kuona ajabu, kwamba Sultani alikuwa akivamia mara kwa mara nchi ya Zanji na kurudi na nyara.

Nchi ya Zanji ni wapi, ndugu msomaji? Ni bara. Ni upande wetu. Ukarimu ule unaosifiwa mpaka leo ulikuwa na mlipaji, na mlipaji hakuandikwa jina. Nilisimama pembeni ya lile bwawa la pembe nane nikawaza hilo, na tangu hapo sijaweza kusema kuta zile hazinihusu.

Siku ya pili nilikwenda Songo Mnara. Huu ndio mji wenye ukuta hasa. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 ukadumu zaidi kidogo ya miaka mia moja. Nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi katikati kwenye uwanja wa wazi, na ukuta kuuzunguka. Mibuyu imeota ndani ya vyumba vya watu! Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walichimba hapa kuanzia mwaka 2009, na kazi yao imeonyesha kwamba palikuwa pia na nyumba za udongo, siyo mawe peke yake. Kwa hiyo ndani ya ukuta kulikuwa na wenye nyumba za mawe na wenye nyumba kama zetu za Nambambo. Ukuta wenyewe siyo wa kuzuia mizinga. Mimi nauona kama uzio wa nyumba ya mkubwa mjini: unasema nani ni wa ndani na nani ni wa nje.

Na kuzuia kweli, kuta hazikuzuia. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida akashusha askari, Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa. Wareno wakajenga ngome yao, na mwaka 1512 wakaondoka. Miaka saba tu. Halafu mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka upande wa Zambezi. Padre wa Kireno, João dos Santos, aliandika kwamba mtu mmoja wa Kilwa aliwaonyesha usiku mahali pa kuvukia maji yakipwa, na waliouawa walizidi 3,000. Yaani ule ukuta wa maji wa Ali bin Hassan uliangushwa na mwenyeji aliyejua kivuko.

Siku ya tatu nilikwenda Kilwa Kivinje, si mbali na Nangurukuru, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Watalii wengi wanapitiliza, na kwa maoni yangu mtu wa Nachingwea asipitilize hata kidogo. Majengo ya zamani yanabomoka, boma la Mjerumani limechoka, lakini ndipo tulipopita sisi. Karne ya 18 Kisiwani kulikuwa na soko la watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikishiana mkataba na Sultani wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 soko likahamia Kivinje. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa ikapita nchi za Wayao na majirani zao, mtu amebeba pembe ya ndovu na yeye mwenyewe ni bidhaa. Katika miaka ya 1860 karibu watu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873.

Kivinje ndiko kwenye Mwembe Kinyonga, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895. Miaka kumi baadaye Maji Maji ikalipuka huko huko Kilwa, milima ya Umatumbi, ikaja mpaka kwetu. Ukipita Nyangao na basi, kumbuka misheni ile ilishambuliwa mwaka 1905.

Nachingwea yenyewe ina zamu yake katika hadithi hii. Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakajenga mji na reli kutoka Mtwara, mradi ukafutwa mwaka 1951. Hawa hata miaka saba ya Mreno hawakufikisha! Reli nayo ikang'olewa. Halafu FRELIMO wakafanya hapa kambi yao kubwa ya mafunzo, na mwaka 1975 Mreno akatoka Msumbiji. Aliyeipora Kilwa mwaka 1505 alitolewa na vijana waliofundishwa Nachingwea. Nani tena atasema hayatuhusu?

UNESCO iliyaingiza magofu haya kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Lakini bahari haijasaini makubaliano. Mawimbi yanakula ufuko na mizizi inapasua kuta. Wazungu nilikutana nao kule. Basi la wanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa sikuliona.

Walimu mnaosoma hapa, pangeni safari. Na wewe wa Liwale, Masasi au Ruangwa, kabla hujaenda Kilwa anza nyumbani. Mpe shikamoo babu au bibi, kisha muulize njia ya misafara ilipita wapi kijijini kwenu, na nani katika ukoo alichukuliwa asirudi. Yaandike. Mkinitumia nitayasoma yote.