Mwendo na Kitu cha Kuulinganishia: Historia ya Dhana Moja na Istilahi Zake

Tulikuwa tumeketi ndani ya basi katika kituo cha Tandahimba, tukingoja abiria wa kwenda Newala watimie. Ubavuni petu lilisimama basi jingine, la kwenda Mtwara, likielekea upande wa pili. Mara mtoto mmoja aliyepakatwa na bibi yake akapaza sauti: "Bibi, tumeondoka!" Nasi watu wazima tulihisi hivyo hivyo. Bibi yule hakulitazama basi la jirani. Alinyosha kidole kwenye dirisha la upande mwingine, akasema: "Bado, mjukuu wangu. Tazama mkorosho ule." Mkorosho ulikuwa pale pale. Lililoondoka ni basi la Mtwara.

Tukio hilo dogo lina ndani yake swali ambalo wataalamu wameligombania kwa karne nyingi: je, mwendo una maana pasipo kitu cha kuulinganishia? Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya swali hilo, kisha tutaonyesha kwa nini linamhusu mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali, na si mwanafizikia peke yake.

Ushahidi wa lugha

Yafaa tuanze na lugha yenyewe, kwa kuwa wasemaji wa Kiswahili walikuwa na jibu lao kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuundwa. Vitenzi vyetu vya mwendo havikubali kusimama bila mahali pa kuanzia hesabu. Mtu yule yule, katika njia ile ile, huambiwa "anakuja" na anayemngoja, na huambiwa "anakwenda" na aliyemwaga. Mzigo mmoja huletwa kwa huyu na hupelekwa na yule. Aliyehama Newala na aliyehamia Tandahimba huenda ni mtu mmoja. Irabu moja iliyoongezwa katika kitenzi imebadili mahali pa kulinganishia. Tena kumkimbia mtu na kumkimbilia mtu ni mambo mawili yaliyo kinyume, ingawa miguu hukimbia vile vile.

Kubwa zaidi ni kitenzi "kupita". Tunasema gari limepita daraja, na tunasema pia kwamba Newala ni baridi kupita Mtwara. Kitenzi cha mwendo kimefanywa chombo cha kulinganishia. Hii si ajali ya lugha. Aliyeanza kulitumia neno hilo hivyo alikwisha kuona kwamba kupita ni lazima kuwe ni kupita kitu fulani.

Ushahidi wa nchi na bahari

Uwanda wa juu wa Makonde unatoa mfano mzuri wa jambo hilo hilo. Kutoka pwani ya Mtwara ardhi huinuka polepole kuelekea magharibi, hata kufikia mita 700 na zaidi katika ukingo wa Newala, mwendo wa yapata kilomita 140 kwa barabara. Kwa wastani hiyo ni mita tano hivi tu kwa kila kilomita, wala miguu haizitambui. Msafiri apitaye Tandahimba anapanda saa zote lakini hajui kwamba anapanda, mpaka afike ukingoni na kuona bonde la Ruvuma chini yake. Anayetoka Masasi, kinyume chake, hukabiliwa na genge kubwa na hujua kwa pumzi zake kwamba anapanda. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliujia uwanda huo kwa upande wa Masasi. Kilichowatofautisha wasafiri hawa wawili si kimo walichofikia. Ni kwamba mmoja alikuwa na kitu cha kujilinganisha nacho njiani, na mwingine hakuwa nacho.

Baharini, karibu na mdomo wa Ruvuma na Rasi ya Delgado, jambo hilo huwa la hatari. Mkondo mkubwa utokao mashariki kupita Bahari ya Hindi hufika pwani katika sehemu hizo ukagawanyika, tawi moja likaenda kaskazini na jingine kusini. Chombo kilicholegeza tanga mahali ambapo nchi haionekani huchukuliwa pamoja na maji. Nahodha akiyatazama maji yanayomzunguka, huyaona yametulia kando ya chombo chake. Ndiyo maana wanamaji wa bahari hii walitafuta alama zisizochukuliwa na mkondo. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliyeandika pia habari za njia ya Sofala, alipima vimo vya nyota kwa kipimo cha vidole. Nyota kwake zilikuwa kama ule mkorosho kwa bibi wa Tandahimba.

Mabishano ya wataalamu

Mwaka 1632 Galileo Galilei alitoa mfano ambao wanapwani wangeuelewa mara moja. Watu wajifungie katika chumba cha chini cha jahazi kubwa, pamoja na vipepeo, samaki katika bakuli, na chupa inayodondosha maji. Jahazi likienda sawasawa, bila kuyumba wala kubadili kasi, hakuna jambo lolote chumbani litakalowaonyesha kama linakwenda au limetia nanga. Kwa hiyo mwendo ulio sawa hautambulikani kwa aliye ndani yake.

Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, hakutaka kuishia hapo. Alishikilia kwamba upo mwendo wa kweli, unaopimwa kwa anga tupu lisilobadilika. Hoja yake kubwa ilikuwa ndoo ya maji iliyotundikwa kwa kamba iliyosokotwa. Kamba ikijisokotoa, ndoo huanza kuzunguka kwanza, na maji hubaki bapa. Baadaye maji nayo huzunguka pamoja na ndoo, na hapo huzama katikati na kupanda kandokando. Maji na ndoo sasa havipishani, lakini maji yanaonyesha dhahiri kwamba yanazunguka. Gottfried Leibniz alimpinga katika barua alizobadilishana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716, akisema anga si kitu bali ni uhusiano wa vitu. Mwaka 1883 Ernst Mach aliongeza kwamba ndoo ile haikuwa peke yake ulimwenguni: ilikuwa ikizunguka kwa kulinganishwa na nyota zote. Mwaka 1905 Albert Einstein aliiweka kanuni ya Galileo kuwa msingi wa nadharia yake, na lile anga la Newton likawa halihitajiki tena kwa kueleza mwendo ulio sawa.

Hata hivyo, tusiseme kwamba Newton alishindwa kabisa. Abiria wa basi aliyefumba macho hajui kama anakwenda, endapo barabara ni laini na kasi haibadiliki. Lakini dereva akishika breki, anajua. Mabadiliko ya kasi au ya mwelekeo, ambayo hapa tunayaita mchapuko, hujidhihirisha ndani kwa ndani. Mwaka 1851 Léon Foucault aliwaonyesha watu wa Paris kuzunguka kwa dunia kwa kutumia uzito uliobembea kwenye waya, bila kutazama nyota. Kwa hiyo jibu la swali letu lina sehemu mbili. Mwendo ulio sawa hauna maana bila kitu cha kuulinganishia. Mchapuko unaweza kupimwa na aliye ndani, ijapokuwa hoja ya Mach juu ya chanzo cha jambo hilo bado inajadiliwa.

Ama ule mkorosho, nao haukusimama. Dunia inapojizungusha huuchukua kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Hata mbegu ya aina yake ilihama: Wareno waliileta kutoka Brazili katika karne ya 16. Bibi hakukosea kwa sababu hiyo. Kitu cha kulinganishia si lazima kiwe kimesimama milele. Yatosha kichaguliwe, kitajwe, na wote wanaozungumza wakikubali.

Yatupasayo katika istilahi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na hasa tangu iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi ya kuunda istilahi za sayansi imepiga hatua. Lakini istilahi nzuri yaweza kuharibiwa na fasili pungufu. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba mwendo ni "kubadilika kwa mahali pa kitu", mwanafunzi ataamini kwamba mahali ni sifa ya kitu chenyewe, kama rangi. Fasili iliyo salama zaidi ni: mwendo ni kubadilika kwa mahali pa kitu kwa kulinganishwa na kitu kingine kilichotajwa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaitilia shaka istilahi "mwendo linganishi" inapotumiwa kama jina la aina moja ya mwendo. Jina hilo humfanya msomaji adhani kwamba ipo aina nyingine isiyolinganishwa na chochote. Linganisho liwekwe ndani ya fasili ya mwendo, na kile kinacholinganishiwa kiitwe waziwazi "kitu rejea".

Wenzetu wa maofisini wasidhani kwamba hayo ni ya darasani tu. Neno "maendeleo" limezaliwa na "kuendelea", nalo limezaliwa na "kwenda". Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ikakusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lengo hilo halikufikiwa. Lakini kwa kuwa kitu rejea kilitajwa, yaani nyumba ya mwananchi, kila mtu aliweza kusema halikufikiwa, hata mama wa Makonde aliyeshuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Taarifa isemayo tu kwamba "huduma ya maji imepiga hatua" haiwezi kukanushwa na mama huyo, kwa maana haisemi hatua hizo zimepigwa kutoka wapi. Mfasiri akikutana na sentensi ya namna hiyo, amrudie mwandishi amwulize. Asiifanye ionekane kamili kwa ufundi wa lugha.

Tunapendekeza fasili hizo mbili, ya mwendo na ya kitu rejea, zijadiliwe katika vikao vya istilahi vijavyo. Walimu wanaofundisha somo hili kwa Kiswahili tunawaomba watuandikie maneno wanayoyatumia wanafunzi wao wenyewe, kabla hayajasahihishwa.