Jinsi ya kujitengenezea kichujio cha kuondoa giza pembeni mwa picha

WAPIGA picha wanaokodiwa kupiga picha za nyumba mtaani Kileleshwa, Nairobi, hukumbana na tatizo ambalo mteja huliona kabla ya kulielewa. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe juzi hutokea pichani ukiwa mweupe katikati na wa kijivu pembeni, mithili ya ukuta ulioingiwa na unyevu.

Kwa mnunuzi aliye ughaibuni, anayeamua kutuma pesa au kutozituma kwa kutazama picha tu, kivuli hicho si jambo dogo. Naye mwenye nyumba, ajuaye fika kwamba ukuta wake hauna doa, humlaumu mpiga picha na pengine kukataa kumlipa.

Mabadiliko ya mtaa wenyewe yamechangia. Tangu miaka ya 2000, nyumba nyingi za zamani za Kileleshwa, zilizosimama peke yake katikati ya bustani, zimebomolewa na mahali pake kujengwa majumba ya ghorofa. Nyumba ya bustanini hupigwa picha kutoka mbali. Sebule ya ghorofani humlazimu mpiga picha kujibana kwenye kona na kutumia lenzi ya pembe pana, na hapo ndipo giza huanzia.

Giza hilo lina vyanzo viwili, na ni heri kuvitenganisha kabla ya kutengeneza chochote. Cha kwanza ni mwili wa lenzi: tundu likifunguliwa lote, kingo za lenzi huziba sehemu ya miale inayoingia kwa mshazari. Dawa yake ni kupunguza tundu, mathalan kutoka f/2.8 hadi f/8, na giza la aina hiyo hutoweka bila gharama.

Chanzo cha pili hakisikii dawa hiyo. Mwale wa mshazari husafiri masafa marefu zaidi hadi kwenye filamu, hulikuta tundu likiwa na umbo la yai badala ya duara, kisha huiangukia filamu kwa ulalo na kutawanyika juu ya eneo kubwa. Katika lenzi sahili, nuru hupungua kwa kadiri ya kosaini ya pembe ya mwale iliyopandishwa hadi kipeo cha nne. Asiyependa hesabu na atosheke na matokeo: mwale wa nyuzi 30 hufika na asilimia 56 ya nuru ya katikati, na wa nyuzi 45 hufika na asilimia 25 tu.

Lenzi nyingi za kamera za kawaida zimeundwa kwa njia inayopunguza makali ya kanuni hii. Zinazoumia zaidi ni lenzi pana za kamera kubwa za filamu ya vipande, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa chombo kikuu cha wapiga picha za majengo.

Wala tatizo si geni. Kampuni ya Goerz ya Ujerumani, iliyounda lenzi ya Hypergon yenye kuona pembe ya nyuzi zipatazo 135 mnamo 1900, iliiwekea mbele kigurudumu chenye umbo la nyota, kilichozungushwa kwa hewa ya mpira wa kubonyeza. Nyota ilikinga sehemu ya katikati kwa muda, kisha ikaondolewa kando kabla picha haijakamilika. Baadaye kampuni kama Schneider na Rodenstock zilitoa vichujio vya glasi vyenye weusi katikati unaofifia hadi kuwa angavu pembeni. Ni vizuri mno, ila bei ya kimoja huhesabiwa kwa mamia ya dola.

Anayetaka kujitengenezea anaweza kuanza na karatasi nyeupe iliyokatwa duara na kubandikwa juu ya kitambaa cheusi. Ipige picha kwa filamu nyeusi na nyeupe yenye chembe ndogo, lenzi ikiwa imeharibiwa fokasi kabisa ili ukingo wa duara uyeyuke. Filamu ikisafishwa, karatasi nyeupe hugeuka doa jeusi linalofifia polepole kuelekea nje, na hicho ndicho kichujio.

Tumia filamu pana ya 120, kwa kuwa picha yake ya mraba ina upande wa milimita 56 hivi na hutosha kufunika lenzi yenye mdomo wa milimita 49 au 52. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ni nyembamba mno. Kipande hicho kikate na kukibana kati ya vichujio viwili vya UV.

Piga picha kadhaa za duara kwa viwango tofauti vya nuru, kisha upime. Elekeza kamera kwenye dirisha jeupe, pima nuru kupitia katikati ya doa, halafu kupitia pembeni. Tofauti ya hatua moja na nusu yatosha, hata kama giza la lenzi ni hatua mbili, kwani picha iliyosawazishwa kupita kiasi huonekana bapa. Fedha iliyomo katika filamu ina weusi usioegemea rangi yoyote, jambo ambalo rangi ya kupuliza haliwezi kuahidi.

Kichujio hiki hufanya kazi tundu likiwa dogo tu, f/16 au f/22. Likiwa kubwa, miale ya katikati na ya pembeni hupita mahali pamoja kwenye kichujio, na doa hubaki kupunguza nuru ya kila kitu. Muda wa kupiga nao huongezeka karibu mara tatu, hivyo stendi ya miguu mitatu ni lazima. Aidha, filamu mbele ya lenzi hupunguza ukali wa picha kidogo. Kwa bango kubwa, sipendekezi.

Mwenye kamera ya dijitali ana njia nyepesi zaidi. Achukue kipande cha plastiki nyeupe kama ile ya mabango yenye taa, akifunike juu ya lenzi na kupiga picha ya anga. Julai, wakati Nairobi hufunikwa na wingu zito kutwa nzima, anga hufaa sana. Kwa kuwa wingu haling'ai sawasawa kila upande, apige mara mbili, ya pili akiwa ameigeuza kamera nyuzi 180, kisha azichanganye kupata wastani. Programu ya picha hugawanya picha ya sebule kwa picha hiyo tupu, na giza huondoka.

Gharama ya njia hiyo hujitokeza kwenye kona: nuru ikiongezwa mara nne, chembechembe chafu za kivuli huongezwa pamoja nayo. Kichujio cha mbele ya lenzi hakina kasoro hiyo, kwani huipa kona muda wa kupokea nuru halisi.

Kwa njia zote mbili, kipimo ni cha lenzi moja. Kwa picha tupu ya dijitali, hata tundu na fokasi sharti ziwe zile zile, la sivyo kona zitang'aa kuliko katikati.