Jembe lenye linaponyesha na jembe lenye linavunja: historia fupi ya mazoezi ya inje na afya ya akili



Kuko neno moja lenye karibu sisi wote tulishasikia. Kijana anamaliza lisansi, anakaa nyumbani mwaka moja, mwaka mbili. Anaanza kukosa usingizi, anakataa chakula, anajifungia ndani na simu. Mkubwa wa familia anasema: "Huyu iko na mawazo mingi. Mumupeleke shamba, jembe litamutosha ile." Wengine wanasema: "Afanye futingi na wenzake siku ya Mungu asubuhi, kichwa kitapoa."

Je, ile neno ni kweli, ao ni njia ya kumunyamazisha kijana tu? Mimi nilisoma agronomia, sikusoma udaktari wa akili. Lakini jembe njo chombo cha kazi yetu, na nilitaka kujua linatoka wapi ile wazo la kwamba mwili ukifanya kazi inje, chini ya miti na mbele ya udongo, akili nayo inapona. Historia yake ni ya miaka zaidi ya 200. Inapita Ulaya, inapita hapa kwetu, inapita Nijeria. Na inatufundisha kitu moja: mazoezi ya inje yanaponyesha kweli, lakini jembe lile lile, ukibadilisha namna ya kulishikisha mtu, linaweza kumuvunja.

1. Wakati wa minyororo

Mwisho wa karne ya 18, katika miji mingi ya Ulaya mgonjwa wa akili alikuwa anafungwa kama mnyama: minyororo, giza, majani ya kulalia. Kule Paris daktari Philippe Pinel alianza kazi ku hospitali ya Bicêtre mwaka 1793. Kitabu chake cha 1801 kilisifu hospitali ya Zaragoza, kule Hispania, pahali wagonjwa walikuwa wanaenda kulima na kuvuna. Pinel alisema wagonjwa maskini wenye walifanya kazi ya shamba walikuwa wanapona, na watoto wa matajiri wenye walikataa kushika kazi ya mikono walikuwa wanabaki na ugonjwa wao.

Kule Uingereza, mji wa York, mwanamke mmoja wa kanisa la Wakweka, jina lake Hannah Mills, alikufa mwaka 1790 ndani ya nyumba ya wagonjwa wa akili, na ndugu wa kanisa walikuwa wamekatazwa kumuona. William Tuke, muuzaji wa chai, alikasirika. Mwaka 1796 yeye na wenzake walifungua nyumba yao, The Retreat. Hapo mgonjwa alikuwa na bustani, alitembea inje, na ndani ya viwanja kulikuwa sungura na kuku za kuangalia. Hawakuwa na dawa ya maana, juu dawa kama hizo hazikuwepo bado. Walikuwa na heshima, hewa, na kitu cha kufanya na mikono.

2. Geel, mji wa Ubelgiji

Sasa twende Ubelgiji, inchi yenye sisi Wakongo tunaijua kwa sababu zingine. Kuko mji unaitwa Geel. Tangu karne za kati watu walikuwa wanapeleka wagonjwa wao wa akili kule, kwenye kanisa la mtakatifu Dymphna, juu ya kuombewa. Wagonjwa wakawa wengi, nyumba ya kanisa ikajaa. Wakulima wa pale wakaanza kuwapokea ndani ya nyumba zao.

Ile desturi haikuisha. Mgonjwa alikula meza moja na familia, alilala chini ya paa moja, na asubuhi alitoka nao shambani kama angetaka. Watoto wa mwenye nyumba walikomaa pamoja naye. Mwaka 1850 leta ya Ubelgiji ilichukua uongozi na kuweka madaktari, lakini wagonjwa walibaki ku nyumba za wakulima. Kufikia mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700. Madaktari wa inchi nyingi walienda kuangalia, wengine wakicheka, wengine wakishangaa vile mji muzima unaweza kuishi na wagonjwa bila kuta.

Ubelgiji ule ule ulikuwa na daktari mwingine, Joseph Guislain wa mji wa Gent, mwenye alipigana juu wagonjwa watolewe minyororo. Alifanya kazi pamoja na mabruda wa Frères de la Charité, shirika lenye padri Petrus Triest alianzisha mwaka 1807. Ile majina si ya mbali na sisi. Ni mabruda hao hao wenye wanaongoza SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma, na kituo cha magonjwa ya akili cha Lubumbashi kinaitwa kwa jina la Guislain. Kwa hiyo mtu wa Bukavu akisema "walimupeleka SOSAME", anataja, hata bila kujua, historia yenye ilianza Gent.

3. Ubelgiji ule ule, jembe lingine

Hapa njo pahali hadithi inauma. Wakati mkulima wa Geel alikuwa anatoka shambani na mgonjwa wake pole pole, leta ya Ubelgiji huku kwetu ilikuwa inashikisha watu jembe kwa sheria. Mwaka 1917 walitoa amri ya mazao ya lazima. Kila mwanaume wa kijiji alipaswa kutoa siku 60 kwa mwaka kulima kile leta ilichagua, sanasana pamba. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, wakapandisha siku hadi 120. Mwenye hakulima alilipa faini ao aliingia gereza, na fimbo haikuwa mbali.

Mukiangalia kwa macho tu, ilikuwa mazoezi ya inje: jua, udongo, hewa safi, mwili unatoka jasho. Lakini nani anaweza kusema ile pamba ilituliza roho za babu zetu? Mtu alilima akiwa na woga. Hakuchagua zao, hakuchagua saa, na bei ilipangwa na wengine. Kwa vijiji vingi, agronomi na monitere walikuwa watu wa kuhesabu mashamba na kuandika majina ya wenye hawakulima. Sisi wenye tulisoma hii kazi tunapaswa kujua kwamba tunabeba jina lenye lilishatisha watu.

Kisha uhuru, wazazi wetu wakapitia salongo ya wakati wa Mobutu. Kusafisha barabara pamoja ni kitu kizuri. Lakini vile ilikuwa lazima, watu wengi walijifunza kuikwepa, na mpaka leo ukiita watu salongo, kuko wenye wanasikia adhabu mbele ya kusikia umoja.

Na tusisahau wenye inje yao ilichukuliwa. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa wakatolewa ndani ya msitu wenye ulikuwa nyumba yao, duka lao la dawa na kanisa lao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Leo mtalii analipa juu ya kutembea ndani ya ule msitu na kurudi na roho nyepesi. Mtoto wa mwenye alizaliwa mule anauangalia kutoka inje.

4. Hata mahospitali yaliharibu dawa yao

Tusidhani ni koloni tu. Katika karne ya 19 Ulaya na Marekani walijenga hospitali kubwa za akili zenye mashamba, ng'ombe na bustani. Mwanzo, wazo lilikuwa lile la York. Lakini wagonjwa wakawa maelfu, makuta hazikutosha, na shamba likageuka njia ya kulisha hospitali. Mgonjwa alilima miaka na miaka bila mshahara, na mwenye alifanya kazi vizuri alikuwa na hatari ya kubakizwa, juu hospitali ilimuhitaji. Mwaka 1973, katika kesi ya Souder v. Brennan, tribinali ya Marekani ilisema mgonjwa mwenye anafanya kazi ya hospitali lazima alipwe sawa mfanyakazi mwingine. Dawa mpya zilikuwa zimeshaingia tangu miaka ya 1950, na mashamba mengi yakafungwa.

5. Aro: Mwafrika anatengeneza upya

Mfano wenye unanigusa sana ni wa Nijeria. Thomas Adeoye Lambo, mtoto wa Abeokuta, alisoma udaktari Uingereza na kurudi kwao. Mwaka 1954, pale Aro, karibu na Abeokuta, hakutaka kufungia wagonjwa ndani ya kuta. Alipatana na vijiji vya jirani: wakulima wapokee wagonjwa, na hospitali ilipe nyumba. Alitia sharti moja: kila mgonjwa aje na ndugu yake, mama, kaka ao mwingine, wa kumupikia na kukaa naye.

Mgonjwa alienda hospitali kupata matibabu ya kisasa. Saa zingine aliishi maisha ya kijiji: shamba, kuvua samaki, sherehe, maongezi ya magharibi. Lambo alishirikiana hata na waganga wa kienyeji. Mwaka 1961 madaktari wa akili wa Afrika walifanya mkutano wao mkubwa wa kwanza pale Abeokuta, na baadaye Lambo akawa naibu wa mkurugenzi mkuu wa OMS.

Muone tofauti na ile ya 1917. Udongo ni ule ule, jua ni lile lile. Lakini Aro kulikuwa dawa, ndugu, uhuru wa kurudi nyumbani, na hakuna mtu mwenye alikuwa anapima pamba yako.

6. Sayansi inasema nini

Siku hizi kuko vipimo. Mwaka 1982 leta ya Japani ilianzisha shinrin-yoku, maana yake kuoga ndani ya hewa ya msitu: kutembea pole pole kati ya miti, bila mashindano. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa wenye walipasuliwa na dirisha lao likaangalia miti walitoka hospitali mbele ya wenye waliangalia ukuta, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo.

Mwaka 1999, kule Marekani, James Blumenthal na wenzake walifuata watu 156 wenye ugonjwa wa huzuni kubwa, wote wa miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa vidonge, wengine mazoezi mara 3 kwa juma, wengine vyote viwili. Kisha majuma 16, makundi yote yalikuwa yamefikia karibu hali moja, hata kama vidonge vilianza kusaidia haraka zaidi. Na mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake walitembeza watu dakika 90. Wenye walipita pahali pa miti na majani walipunguza ile kuzungusha mawazo mabaya kichwani. Wenye walipita kando ya barabara ya magari hawakupata ile faida.

Lakini tusome vizuri. Katika hizi mbili za mwisho, watu wote walikubali wenyewe kuingia. Hakuna mwenye aliletwa na polisi.

7. Sasa sisi tufanye nini

Kwa sisi wa mashariki, neno "pori" si picha ya kalenda. Kwa wengi ni pahali walikimbilia usiku, ao pahali ndugu alipotelea. Huwezi kumuambia mtu wa namna hiyo "enda kutembea porini, utapona". Kwake, bustani ndogo nyuma ya nyumba ao njia ya kando ya ziwa wakati watu ni wengi inaweza kuwa bora kuliko msitu mukubwa.

Kutokana na historia, mimi naona mambo manne. Kwanza, mtu achague mwenyewe: kutembea, kukimbia, mupira ao kulima. Pili, asiende peke yake. Geel na Aro zilifanikiwa juu ya watu, si juu ya udongo tu. Tatu, pahali pawe salama. Nne, kazi isigeuke unyonyaji: kijana akilima shamba la mjomba, matunda ya jasho lake yamufikie naye, asije akaambiwa "ni dawa yako". Na kama mtu anasikia sauti, anataka kujiua, ao hajalala siku nyingi, futingi haitoshi. Apelekwe kwenye kituo cha afya ya akili mapema, na ndugu aende naye, vile walifanya Aro.

Chama chetu kinaweza kuanza na kidogo: saa moja ya kutembea siku ya posho asubuhi, na kipande cha ardhi cha kupanda mboga, mwenye anataka anakuja, mwenye amechoka anakaa chini ya muti na kuongea. Hakuna kuandika majina ya wenye hawakufika. Sisi wa agronomia tulete mbegu na ujuzi, wa saikolojia walete masikio, na mavuno tugawane sawasawa.

Babu zetu walishikishwa jembe na fimbo. Wazazi wetu walitutuma masomo juu tusishike jembe tena, na njo maana kijana mwenye diplome anaona haya kuonekana shambani. Ile haya ina historia, tuiheshimu. Lakini tusiiache itunyime dawa yenye iko mbele ya mlango.