Mizigo ya Tengeru

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, polisi wa siri wa Kisovieti waligonga milango ya maelfu ya nyumba mashariki mwa Polandi. Mara nyingi familia ilipewa nusu saa tu kufungasha. Nje kulikuwa na theluji, na huko walikopelekwa, Siberia, baridi ilikuwa kali zaidi. Watu wakabeba matandiko ya manyoya, unga, shoka, sufuria. Wengine waling'ang'ania cherehani. Juu ya yote wakatupia picha za ukutani na vitabu vya sala.

Miaka michache baadaye, baadhi ya watu hao walikuwa wakiishi Tengeru, kilomita chache kutoka mjini Arusha, chini ya Mlima Meru.

Nimekulia Arusha, na kwa miaka mingi nilijua Tengeru kama soko la ndizi na njia ya kwenda Ziwa Duluti. Siku niliyompeleka mdogo wangu kwenye makaburi ya Wapolandi, tulikuta karibu makaburi 150 yamepangwa kwa mistari. Wengi waliolala pale ni Wakatoliki. Wapo pia Waorthodoksi, na wapo Wayahudi. Mdogo wangu aliposikia kuwa wapo Wayahudi, aliuliza, "Kaka, hawa nao walifikaje huku?"

Jibu linaanzia Septemba 1939, Ujerumani ilipoivamia Polandi kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Wayahudi wengi walimkimbia Hitler kuelekea mashariki wakiwa na begi moja moja mkononi. Juni 1940 Wasovieti waliwakamata wakimbizi hao na kuwapeleka kaskazini na Siberia. Kwa hiyo familia ya Kiyahudi iliweza kufungasha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara mzigo ulipungua.

Kule kwenye kambi za kazi, mizigo ililiwa. Saa ya mkononi iligeuka unga, koti la sufi likageuka viazi. Cherehani ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu ililisha nyumba nzima bila kuuzwa. Chochote chenye bei kilipata mnunuzi. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekitaka: picha ya harusi, barua, kitabu cha sala, cheti cha shule.

Mwaka 1941 Ujerumani iliwageukia Wasovieti, na Wapolandi wakaachiliwa. Jeshi la Jenerali Anders likaundwa, na mwaka 1942 watu zaidi ya laki moja, askari na raia, wakavushwa kwenda Irani. Wayahudi wengi waliachwa nyuma, kwani Wasovieti walidai kwamba hao sasa ni raia wao. Ndiyo maana walikuwa wachache Tengeru.

Kwenye ufukwe wa Pahlavi, nchini Irani, mizigo ilipita kwenye moto. Kwa kuogopa homa inayoenezwa na chawa, watu walinyolewa nywele na nguo zao zikachomwa. Kilichopona ni kidogo: kile kilichoweza kushikwa kiganjani wakati mwenyewe anaoshwa. Baadaye wakapanda meli hadi Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban watu 5,000, wengi wanawake na watoto, katika nyumba za msonge. Wakajenga kanisa, shule na hospitali.

Ukivuka mpaka wa Namanga, utakuta mfano mwingine. Wayahudi waliotoka Ujerumani kwenda Kenya kabla ya vita walipata muda wa kufungasha, lakini sheria ya Wanazi iliwaruhusu kutoka na marki 10 tu za fedha taslimu. Stefanie Zweig alikuwa mtoto wa familia kama hiyo. Katika riwaya yake *Nirgendwo in Afrika*, iliyotoka mwaka 1995, mume aliyetangulia Kenya anamwandikia mkewe alete jokofu. Mke ananunua gauni la sherehe.

Wasomaji wengi humcheka mwanamke huyo. Mimi simcheki. Jokofu lingemsaidia kuishi shambani, lakini gauni lilikuwa ushahidi kwamba kabla ya kuitwa mkimbizi alikuwa mtu anayealikwa sherehe. Cheti cha shule kilichovuka Siberia nacho kilifanya kazi hiyo hiyo. Serikali iliyokufukuza imeshasema wewe si mtu. Karatasi iliyokunjwa kwenye kitambaa inakataa.

Kambi ya Tengeru ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakazi wake wakahamia Uingereza, Kanada na Australia, na walikuwa wazoefu wa kufungasha. Safari hii hakuna aliyewagongea usiku. Walikuwa na muda wa kuchagua, kukunja na kufunga kamba vizuri. Lakini mama aliyemzika mtoto wake chini ya Meru alilazimika kumwacha hapo, na jina lake likiwa limeandikwa juu ya kaburi.